Jukwaa la Bi Slagle

Mwaka 1937, mjini Atlantic City kwenye pwani ya New Jersey, chama cha wataalamu wa tiba kwa vitendo cha Marekani kilimuaga katibu wake. Katibu wa chama kidogo kama kile kwa kawaida huagwa kwa chai na hotuba mbili tatu. Huyu aliagwa mbele ya Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa nchi. Jina lake Eleanor Clarke Slagle. Kwa miaka 15 mfululizo, tangu 1922, yeye ndiye aliyepokea ada za wanachama, akajibu barua, akapanga mikutano na kuwasumbua wakuu wa hospitali mpaka wakakubali kuajiri watu wa taaluma yake. Miaka mitano baada ya kuagwa, Septemba 1942, alifariki dunia. Chama kilipokaa kutafuta namna ya kumkumbuka, hakikusimamisha sanamu. Kilianzisha mhadhara.

Mhadhara huo ulitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na unaendelea hadi leo. Anayepanda jukwaani huteuliwa na wenzake kwa mchango wake katika elimu ya taaluma, huzungumza mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, na maneno yake huchapishwa katika jarida la chama. Ukiisoma mihadhara hiyo kwa mfululizo, jambo moja linakushangaza: marehemu hasifiwi sana. Waliopewa jukwaa lake wamelitumia zaidi kuisuta taaluma yao wenyewe, wakiuliza kama inastahili kuwapo.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na taaluma hii, mtaalamu wa tiba kwa vitendo ndiye anayemfundisha mama aliyepata kiharusi kujifunga kanga kwa mkono mmoja, au anayemsaidia mtoto mwenye mtindio wa ubongo kushika kijiko na kukifikisha kinywani. Mwenzake wa fiziotherapia hushughulikia misuli na viungo. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huanza kwa kuuliza mgonjwa anataka kufanya nini na siku yake, kisha hutafuta njia ya kumfikisha huko. Hapa kwetu wataalamu hawa wanafundishwa katika hospitali ya KCMC Moshi, chuo cha KMTC Nairobi na hospitali ya Mulago Kampala, na bado mgonjwa anaweza kulazwa na kuruhusiwa bila kujua kwamba wapo.

Slagle alizaliwa Hobart, kijiji cha milimani katika jimbo la New York, kwa jina la Ella May Clarke. Ndugu yake John alikuja kuwa mbunge wa Marekani. Yeye aliolewa, ndoa haikudumu, na mwaka 1911, akiwa mwanamke wa makamo, alijiunga na kozi fupi ya Chicago iliyofundisha wahudumu wa hospitali za wagonjwa wa akili namna ya kuwapa wagonjwa shughuli. Kozi hiyo ilihusishwa na Hull House, nyumba ya huduma kwa maskini na wahamiaji iliyoanzishwa na Jane Addams na Ellen Gates Starr mwaka 1889, na aliyeisukuma mbele ni Julia Lathrop, mwanamke aliyekuwa amezunguka hospitali na nyumba za maskini za jimbo la Illinois na kuona watu wamekaa kwenye viti kutwa nzima, mikono mapajani, mwaka hadi mwaka.

Kutoka Chicago, Slagle alikwenda Baltimore kufanya kazi chini ya Adolf Meyer, daktari wa akili mzaliwa wa Uswisi aliyeongoza kliniki ya Phipps katika hospitali ya Johns Hopkins. Meyer aliamini kwamba ugonjwa wa akili ni pamoja na kuvurugika kwa mpangilio wa maisha: kazi, mchezo, mapumziko na usingizi vikipoteza uwiano wake, mtu naye huyumba. Mwaka 1921 aliliweka wazo hilo katika hotuba aliyoisoma Baltimore mbele ya chama chenyewe, na hotuba hiyo bado inasomeshwa vyuoni. Lakini wazo la daktari lilihitaji mtu wa kuamka nalo alfajiri wodini. Mtu huyo alikuwa Slagle.

Chama chenyewe kilizaliwa Machi 1917 huko Clifton Springs, New York, ndani ya nyumba ya George Edward Barton. Barton alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijiponya, kwa maelezo yake, kwa useremala na bustani, na nyumba yake akaiita Nyumba ya Faraja. Waliokutana hapo walikuwa watu sita tu: Barton, katibu wake Isabel Newton, aliyekuja kuwa mkewe, daktari William Rush Dunton wa Maryland, mwalimu wa kazi za mikono Susan Cox Johnson, Thomas Kidner aliyetoka Kanada, na Slagle. Ipo picha yao mbele ya nyumba, watatu mbele na watatu nyuma, Slagle katika safu ya mbele. Wiki tatu baadaye Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na taaluma ambayo ingeweza kubaki ndoto ya watu sita ikapata maelfu ya majeruhi wa kuhudumia. Mwaka 1918 wasichana waliofundishwa haraka haraka walikuwa tayari Ufaransa, kwenye hospitali ya jeshi huko La Fauche, wakiwapa kazi za mbao na za chuma askari waliochanganyikiwa kwa mizinga.

Slagle aliukalia urais wa chama kwa kipindi kifupi, 1919 hadi 1920. Baada yake kiti kilikwenda kwa wanaume, wengi wao madaktari, na hakikurudi kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo mpaka mwaka 1947 alipochaguliwa Winifred Kahmann. Hapo katikati wanawake walifanya kazi na madaktari wakashika nyundo ya mwenyekiti. Tuuweke akilini mpangilio huo, kwa sababu nusu ya hasira tutakayoikuta kwenye mihadhara ilitokana nao.

Mwaka 1922, pamoja na ukatibu, Slagle alipewa kusimamia tiba kwa vitendo katika hospitali zote za akili za jimbo la New York. Huko alieneza mafunzo ya mazoea. Waliolengwa ni wagonjwa waliokatiwa tamaa kabisa, wa zile wodi za nyuma ambako mtu hakujua tena kuvaa wala kwenda chooni. Aliwaweka katika makundi madogo na kuwapangia saa zote 24. Wanaamshwa kwa wakati mmoja, wananawa, wanapiga mswaki, wanatandika vitanda, wanafagia. Baada ya kifungua kinywa wanakaa na kazi nyepesi kabisa, labda kupanga vitambaa kwa rangi. Kisha matembezi, mchezo wa mpira, ngoma, chakula cha mezani kwa kijiko na uma, na kulala. Kesho yake hivyo hivyo. Aliyeanza kushika mazoea alipandishwa kwenye kazi ngumu zaidi, na hatimaye kwenye karakana ya hospitali. Leo tungeuliza maswali: nani aliwauliza wagonjwa wenyewe, na kazi za karakana zilimnufaisha nani? Ni maswali ya haki. Ila tukumbuke kwamba kabla ya hapo wengi wao hawakupangiwa chochote.

Alipofariki, vita ya pili ilikuwa imepamba moto na chama hakikuwa na nafasi ya maombolezo marefu. Jarida jipya lilianza kuchapishwa 1947. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wajumbe walikubaliana juu ya mhadhara wenye jina lake, na mwaka 1955 Florence Stattel akawa wa kwanza kupanda jukwaani. Mada yake ilikuwa vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya tiba. Ni mada kavu, lakini iliendana na wakati. Mwaka 1952 polio ilikuwa imewapata watu wapatao 58,000 nchini Marekani, na chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kufanikiwa Aprili 1955. Wodi zilijaa vijana waliohitaji kitu cha kushikilia mkono uliolegea ili waweze kuandika. Mtu wa wakati huo aliyejua kutengeneza kifaa alikuwa na cha kuwaambia wenzake.

Mihadhara ya miaka iliyofuata ilikwenda kwa utulivu: uongozi, tathmini ya uwezo wa kufanya kazi, vifaa tena. Ruth Brunyate alizungumzia nguvu iliyofichwa katika vitu vidogo vya kila siku. Kisha, mwaka 1961, akaja Mary Reilly.

Reilly alizaliwa Boston mwaka 1916, akasomea tiba kwa vitendo huko huko, akatumikia jeshi, na baadaye akahamia California alikofanya kazi katika taasisi ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu cha UCLA. Wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda kwa kipimo kile kile. Jukwaani hakuanza kwa sifa. Aliwaambia wenzake kwamba taaluma isiyojikosoa itaoza, kisha akauliza swali ambalo wengi walikuwa wakilikwepa: je, huduma yetu ni muhimu na ya kipekee kiasi cha tiba kuitegemeza na jamii kuilipia? Fikiria ukumbi umejaa watu waliotoa ujana wao kufundisha ufumaji na ususi wa vikapu hospitalini, wengi wakiwa wameshachoka kuambiwa na madaktari kuwa wao ni wachezaji tu, halafu mwenzao anasimama kuwauliza hivyo.

Jibu lake lenyewe lilikuwa ndiyo, lakini ndiyo yenye masharti. Alikwenda kutafuta ushahidi nje ya hospitali. Katika chuo kikuu cha McGill, Montreal, watafiti wa kundi la Donald Hebb walikuwa wamewalipa wanafunzi dola 20 kwa siku ili walale tu: macho yamezibwa kwa miwani isiyopitisha maumbo, mikono imevishwa glavu na mirija ya karatasi ngumu, masikioni mvumo wa mashine. Dola 20 ilikuwa fedha nzuri sana wakati huo, na kazi ilikuwa kutofanya lolote. Wengi hawakuvuka siku mbili tatu. Waliokaa walianza kushindwa kufikiri sawasawa, na baadhi wakaona vitu visivyokuwapo. Kwa Reilly, hiyo ilikuwa hoja kubwa kuliko takwimu zozote za wodini: binadamu akinyimwa la kufanya, akili yake huanza kubomoka hata kama analishwa na kulipwa. Kama ni hivyo, basi haja ya shughuli imo ndani ya maumbile ya mtu, na mikono inayoongozwa na nia inaweza kugeuza afya ya mwenye mikono. Wazo hilo, alisema, lingeweza kuwa moja ya mawazo makuu ya tiba katika karne ya ishirini, endapo wenyewe wangelishughulikia kwa akili ya kitaaluma badala ya kukimbilia kuiga fiziotherapia na saikolojia.

Kwangu mimi huu ndio mhadhara mkubwa kuliko yote katika mfululizo huu, na sijaona aliyeufikia. Athari yake ilionekana taratibu. Reilly alikwenda kufundisha chuo kikuu cha Southern California, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Gary Kielhofner, aliyechapisha mwaka 1980 pamoja na Janice Burke mfumo wa kueleza nia, mazoea na uwezo wa mtu. Mfumo huo unafundishwa leo katika vyuo vingi vya taaluma hii duniani.

Mwaka 1963 ilikuwa zamu ya Jean Ayres. Yeye alielekeza macho kwa watoto ambao walimu waliwaita wazembe: mtoto anayejikwaa bila sababu, anayeogopa bembea, asiyevumilia shati lenye lebo shingoni. Ayres alishikilia kwamba tatizo liko katika namna ubongo unavyopanga habari kutoka kwenye ngozi, misuli na sikio la ndani. Wanasayansi wamebishana naye tangu siku hiyo na bado wanabishana, lakini wazazi wengi wa watoto kama hao walipata kwa mara ya kwanza mtu aliyekataa kuwaita wanao wavivu.

Miaka mitatu baadaye Elizabeth Yerxa alipanda jukwaani akitokea Rancho Los Amigos, hospitali ya Downey, California, iliyojaa watu waliopooza kwa polio na kwa ajali za uti wa mgongo. Hoja yake iliwagusa madaktari moja kwa moja. Kwa miongo mingi mtaalamu wa tiba kwa vitendo hakugusa mgonjwa bila maandishi ya daktari, na tangu 1935 hata viwango vya vyuo vyao vilipitishwa na chama cha madaktari. Yerxa aliona kwamba wakati wa kusubiri karatasi umepita, na kwamba karatasi ile haikuwa na utakatifu wowote. Mtaalamu wa kweli, kwake, ni yule anayemkabili mgonjwa kama mtu mwenye uamuzi: anamfungulia mlango wa kuchagua, naye anakubali kuwajibika kwa alichofanya. Mtu aliyepooza kuanzia shingoni ana mambo machache sana ya kujiamulia siku nzima, na ukimchagulia hata rangi ya uzi umemnyang'anya moja kati ya hayo machache.

Mwaka 1969 jukwaa lilipewa Lela Llorens, mzaliwa wa Louisiana, Mmarekani mweusi wa kwanza kutoa mhadhara huu. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu Martin Luther King auawe. Llorens, aliyekuwa amefanya kazi na watoto wenye matatizo ya kihisia Detroit, hakuhubiri siasa. Aliwafundisha wenzake kumwona mtoto kwa njia mbili kwa pamoja: alivyo leo katika kila upande wa maisha yake, na anavyokua kutoka umri hadi umri. Ugonjwa au dhiki hukata ukuaji huo, na kazi ya mtaalamu ni kuunga palipokatika.

Miaka ya sabini naipita haraka. Ilikuwa na wasomi wazuri wa mfumo wa fahamu na wasemaji wazuri wa sera, ila nyingi ya hoja zao zimezeeka. Mwaka 1986 Kathlyn Reed alirudisha moto kwa swali kuhusu zana zenyewe: vikapu, vitanzi vya kufumia, udongo wa mfinyanzi, na baadaye kompyuta. Je, ni urithi au mzigo? Alionyesha kwamba zana huingia na kutoka kwa sababu za utamaduni, uchumi, siasa na teknolojia, na mara nyingi wataalamu huzitumia kwa sababu wamezikuta. Nani kati yetu, katika kazi yoyote, hana kitu anachokifanya hivyo hivyo kwa sababu alikikuta?

Florence Clark, mwaka 1993, alichagua njia ya pekee. Badala ya nadharia tupu alisimulia maisha ya profesa mwenzake aliyepata kiharusi, na jinsi walivyokaa pamoja kutafuta shughuli ambazo zingemrudishia nafsi yake. Mwaka 2000 Margo Holm aliugeuza usukani kwenda kwenye ushahidi: ukimwambia mgonjwa kwamba mbinu fulani itamsaidia, umejuaje? Mihadhara hii miwili ikisomwa pamoja inafaa kuliko kila mmoja peke yake, kwa sababu mmoja unadai tumsikilize mtu mmoja mpaka mwisho na mwingine unadai tuhesabu wengi.

Mataifa mengine nayo yana majukwaa ya namna hii. Waingereza wana mhadhara wa kumkumbuka Elizabeth Casson, daktari aliyefungua chuo cha kwanza cha tiba kwa vitendo nchini mwake mwaka 1930, mjini Bristol. Kanada wana wa Muriel Driver, Australia wa Sylvia Docker. Hapa Afrika, Afrika Kusini wana mhadhara wa Vona du Toit, aliyeunda nadharia ya uwezo wa kubuni inayotumika hadi leo kupima hatua aliyofikia mgonjwa. Shirikisho la dunia la taaluma hii, lililoundwa 1952 na Afrika Kusini ikiwamo miongoni mwa waanzilishi, lilichukua miaka 66 kufanya kongamano lake katika bara letu: Cape Town, 2018.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2017, chama cha Marekani kilitimiza miaka 100 kikiwa Philadelphia. Aliyepewa jukwaa la Slagle alikuwa Roger Smith, na mada yake ilikuwa teknolojia. Stattel angeielewa bila shida.

Lawama moja ninayo. Kwa zaidi ya miaka 60 jukwaa hili limekuwa la wataalamu wakizungumza na wataalamu. Wagonjwa wamo kwenye hadithi, hawamo kwenye kipaza sauti. Mwanamke aliyewapangia siku nzima watu wa wodi za nyuma angestahili kukumbukwa, walau mwaka mmoja, na mmoja wa watu hao.

Mwanafunzi wa Moshi au Nairobi atakayetaka kuisoma mihadhara hii asianze na wa mwanzo. Aanze na wa 1961, aende wa 1966, kisha asome Clark na Holm kwa jioni moja. Wa 1955 autunze kwa siku atakayolazimika kutengeneza kifaa cha mgonjwa kwa bomba la plastiki na mpira wa baiskeli.